JINO MOJA TU: Safari ya Mkanda wa Cherehani Mpaka Ndani ya Subaru Yako

Ule mlio unaujua. Saa nne usiku, barabara imetulia, halafu Subaru inapita: bru-bru-bru-bru, mwisho tabo inapumua psssh. Watu barazani wanageuza shingo. Mwenye gari anajisikia kama kafunga bao la fainali.

Sasa hapo ndo pa kushangaa. Ngoma yote ile, pistoni nne, kamshafti nne, valvu 16, inaongozwa na mkanda wa mpira. Sio mnyororo wa chuma, ni mpira wenye meno. Na babu wa mkanda huo hakuzaliwa kwenye gari kabisa. Alizaliwa kwa ajili ya cherehani.

Ukikaa vibaya jino moja tu, gari ya mamilioni inageuka kuwa pambo la uani. Na wakati mwingine kinachoharibika sio gari peke yake. Twende taratibu.

Kwa fundi cherehani

Mtazame fundi cherehani akiwa kazini. Sindano inashuka, uzi wa bobini unaunasa chini, sindano inapanda. Vikipishana hata kidogo, mshono unaruka. Kwa hiyo juu na chini lazima viende pamoja muda wote.

Mkanda wa kawaida wa bapa unateleza. Mnyororo wa chuma hautelezi, ila una kelele na unataka oili, na oili na kitambaa cheupe havipatani. Miaka ya 1940, mji wa Philadelphia, Marekani, kampuni ya mikanda iitwayo Gilmer ikaja na jibu: mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani, unaoshika kwenye gia yenye meno. Hautelezi, hauna kelele, hautaki oili.

Watu wa magari hawakuushtukia mapema. Aliyeuona vizuri alikuwa mtu wa kuchokonoa injini.

Jamaa wa California

Katikati ya miaka ya 1950, kule California, kulikuwa na mjenzi mmoja wa magari madogo ya mbio. Hakuwa na kiwanda kikubwa. Alichukua injini ndogo ya Panhard kutoka Ufaransa, ya silinda mbili zilizolala, moja imetazama kulia na nyingine kushoto. Akaifunga hedi za pikipiki ya Norton ya Uingereza zenye kamshafti kwa juu.

Tatizo likawa moja: utazizungushaje hizo kamshafti? Gia zinataka hesabu na uchongaji mwingi. Jamaa akavalisha mkanda wa Gilmer. Gari ikaenda. Mwaka 1956 magari yake ya aina hiyo yakatwaa ubingwa wa taifa wa Marekani katika daraja lao.

Kumbe basi, mkanda wa taimingi uliingia kwenye magari kupitia injini iliyofanyiwa marekebisho mtaani. Wakubwa walifuata baadaye. Mwaka 1962 kampuni ndogo ya Ujerumani, Glas, ikaanza kuuza Glas 1004, gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa aina hii. Mwaka 1966 Pontiac wa Marekani nao wakaingia, na mwaka huohuo Fiat wa Italia wakatoa injini ya kamshafti mbili juu inayoendeshwa na mkanda, iliyobuniwa na mhandisi aliyewahi kuchora injini za Ferrari.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Mkanda ulikuwa mwepesi, wa bei nafuu na kimya. Ila una sharti lake: unazeeka. Mnyororo unaweza kukutangulia kwa kelele kabla haujakuangusha. Mkanda unaweza kukatika bila hodi.

Mjapani anachukua zamu

Mwaka 1989 Subaru wakatoa gari iitwayo Legacy, ndani yake kukiwa na familia mpya ya injini, EJ. Silinda nne zimelala, mbili kulia, mbili kushoto, pistoni zinapigana ngumi kwa nje. Ile picha ya jamaa wa California imerudi, sasa ikiwa kubwa zaidi.

Januari mwaka huo walipeleka Legacy za tabo jangwani Arizona, wakaziendesha usiku na mchana kwa siku zaidi ya 18 mpaka zikafika kilomita 100,000. Wastani wa spidi: kilomita 223 kwa saa, pamoja na kusimama kuweka mafuta. Rekodi ya dunia.

Mwaka 1992 ikaja Impreza WRX. Miaka ya 1995, 1996 na 1997 Subaru wakabeba ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji, mara tatu mfululizo. Safari Rally ya Kenya wakaishinda mwaka 1997, wakairudia mwaka 2000. Kwa vijana wa Afrika Mashariki waliosimama kando ya vumbi lile, gari ya bluu yenye rimu za dhahabu ikawa kitu cha kuota.

Ndoto zikafika kwa meli. Mitumba ya Japani, usukani upande wetu wa kulia, ikateremka Mombasa na Dar. Wengi walizipokea wakang'arisha bodi, wakabadilisha rimu, wakafunga spika. Ile stika yenye maandishi ya Kijapani ndani ya boneti wakaibandua kwa sababu haisomeki. Kumbe mara nyingi stika hiyo ndo inayosema mkanda ulibadilishwa lini na kwenye kilomita ngapi.

Kisa chenyewe

Kisa hiki kila gereji wanakijua, majina tu ndo yanabadilika.

Kijana wa Dar ana Impreza. Gari ilichemsha, gasketi ya hedi ikaungua. Akasema potelea mbali, tukifungua tufungue kiukweli: hedi zichongwe, kamshafti kali ziwekwe, tabo kubwa ifungwe. Kazi akampa fundi kijana, rafiki yake tangu shule ya msingi.

Gari ikawaka. Ila ikisimama bila kukanyagwa mafuta inatetemeka. Inamisi. Chini haina nguvu, tabo inachelewa kuamka, mafuta inakunywa kama inalipwa. Akanunua plagi mpya. Bado. Koili. Bado. Sensa ya hewa. Bado. Pampu ya mafuta. Bado. Hela ikakata.

Hasira zikampeleka mtandaoni. Akapiga picha ya gereji ya rafiki yake, akairusha kwenye grupu la wapenda Subaru: "Huyu tapeli, mkimpa gari mmeliwa." Kufika jioni kila mtu ameshaiona. Wateja wawili wakaja kuchukua magari yao yakiwa hata hayajafunguliwa.

Wiki iliyofuata kijana akaivuta gari mpaka kwa fundi mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inaumwa nini?"

"Inamisi. Nahisi ni tabo."

Mzee hakuangalia tabo. Akauliza swali moja: "Hedi ilifunguliwa lini?"

Hilo swali ndo lililobeba kila kitu. Gari iliyoanza kuumwa baada ya kufungwa mkanda, mashaka ya kwanza yaende kwenye mkanda, sio dukani.

Mzee akatoa plagi zote, akapima kompresheni. Silinda namba 1 na 3, za upande wa kulia, zikasoma vizuri. Namba 2 na 4, za kushoto, zote zimeshuka, na zimeshuka karibu sawa. Ingekuwa pistoni imetoboka au valvu imeungua, kwa kawaida inaumwa silinda moja. Upande mzima ukishuka kwa pamoja, muulize kamshafti.

Akafungua makava ya mbele, akashika nati ya krankishafti kwa spana, akazungusha kwa mkono, taratibu, kufuata mshale wa saa.

Mshale unaodanganya

Hapa ndo EJ imewaliza wengi. Gia ya krankishafti ina mshale mbele, unaonekana wazi kabisa. Mtu yeyote angesema hii ndo alama. Siyo! Alama ya kufungia mkanda ni kistari kidogo kilichojificha nyuma, kwenye ukingo wa gia, kinachotakiwa kuangaliana na mkato ulioko juu kwenye pampu ya oili. Mshale unaonyesha pistoni ikiwa juu kabisa. Kistari kinaziweka pistoni zote nne katikati ya njia, ili kamshafti ikikuponyoka wakati unafunga, valvu isikute pistoni mdomoni.

Aliyefuata mshale amekosea robo mzunguko mzima. Huyo akipiga stata, valvu zinapinda.

Rafiki yake kijana hakuwa amekosea hapo. Kistari kilikaa sawa. Kamshafti za kulia sawa. Kushoto, ya valvu za kutoa moshi sawa. Ya valvu za kuingiza hewa, alama imebaki nyuma jino moja.

Jino moja ni kitu gani? Piga hesabu. Gia ya krankishafti ikiwa na meno 24, mzunguko mmoja ni digrii 360, basi kila jino ni digrii 15. Valvu inachelewa kufunga, pistoni inaanza kupanda huku mlango bado wazi, hewa inarudi ilikotoka. Ndo maana kompresheni ikashuka, ndo maana gari ikatetemeka.

Kijana akaona pa kushikia. "Mzee, si kwa sababu hedi zilichongwa?"

Swali zuri, maana hedi ikichongwa kamshafti inasogea karibu na krankishafti, na taimingi inahama kidogo. "Ulichonga kiasi gani?" Milimita 0.2. Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo inahamisha alama unywele, haifiki robo ya jino. Alama ikipungua unywele, unarekebisha kwa gia za kamshafti zenye kulegezwa. Ikipungua jino zima, ni mkono wa mtu."

Kisha akasema kilichomnyamazisha kijana. Kamshafti kali zinasukuma valvu ndani zaidi, kwa hiyo nafasi kati ya valvu na pistoni imebaki ndogo. Gari ya kawaida inaweza kuvumilia jino moja. Hii ilikuwa inacheza na kifo kila alipoikanyaga barabarani.

Rangi za mkanda

Mzee hakufunga mwenyewe. Akampigia simu yule fundi kijana. "Njoo na spana zako."

Akaja, kanuna, hakumsalimia mwenzake. Mzee akamwambia aeleze alivyofunga. Akaeleza. Alilinganisha rangi za kwenye mkanda na alama za gia, zote zikakutana. Ila kamshafti za kushoto zinasukumwa na springi za valvu, hazitaki kutulia, na yeye hakuwa na cha kuzibania. Moja ikarudi nyuma wakati anamalizia kuvalisha. Alipochomoa pini ya tenshena, mkanda ukakaza vizuri, ikaonekana kazi safi.

"Ulizungusha mara mbili?"

"Nilizungusha mzee. Rangi hazikurudi. Nikawa nimeshaambiwa rangi huwa hazirudi, nikajua ni kawaida."

Ni kweli, rangi za mkanda hazirudi. Zinatumika siku ya kuvalisha tu, zikishazunguka zinahama, na wengi wakiona hivyo wanapata presha bure. Kinachorudi baada ya mizunguko miwili ya krankishafti ni alama za kwenye gia, kwa sababu krankishafti ikizunguka mara mbili kamshafti inazunguka mara moja. Yeye aliangalia rangi, hazikuwepo, akafunga kava.

Safari hii kamshafti zikabanwa. Tenshena ikarudishwa ndani ikiwa imesimama wima kwenye jiliwa, polepole, bila kuilazimisha, pini ikawekwa. Mkanda ukavalishwa, pini ikatoka, spana ikazungusha mara mbili. Wote watatu wakainama kuangalia gia, moja baada ya nyingine. Kompresheni ikapimwa tena: nne zote zimekaa. Stata moja, gari ikatulia kama maji mtungini.

Mwisho wa enzi

Subaru wenyewe walishaanza kuuaga mkanda. Injini zao mpya za FB, zilizotoka mwaka 2010, zinatumia mnyororo. EJ20 ikaagwa rasmi Japani mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555, namba ileile iliyokuwa kwenye ubavu wa magari ya rali. Ila huku kwetu EJ bado zinanguruma, na zitanguruma miaka mingi.

Yule kijana alifuta posti yake usiku uleule na kuandika nyingine ya kuomba radhi. Ya kwanza ilisambaa kila grupu. Ya pili walii-like watu 11. Jino lilirudi mahali pake ndani ya saa tatu, lakini wale wateja wawili mpaka leo hawajarudi.

Haya wadau, wewe ulishawahi kubadilisha vifaa kibao kumbe tatizo lilikuwa kitu kidogo? Na fundi uliyemsema vibaya, ulimrudia? Tiririka hapo chini.