Gutenberg alianza na fomu

Leo tuache programu kidogo tuongee historia.

Kila kitu kipya kikitokea kwenye kompyuta, hakosi mtu wa kutuambia kwamba ni kama mtambo wa Gutenberg: eti watu walipata vitabu, wakafunguka macho, Ulaya ikabadilika. Haya. Lakini mbona hatuambiwi nani alilipa?

Johannes Gutenberg alikuwa fundi wa Mainz, Ujerumani. Alitengeneza herufi moja moja za risasi iliyochanganywa na metali nyingine. Ukishachapa ukurasa, unazipangua na kuzipanga upya kwa ukurasa mwingine. (Wenzangu wa programu mnajua utamu wa kuunda kitu mara moja na kukitumia mara elfu!) Pesa alikopeshwa na Johann Fust, gulden 800, halafu 800 tena. Biblia yake ilikamilika mnamo 1455, nakala kama 180, kila moja kurasa zaidi ya 1,200. Sasa piga hesabu: karatasi, ngozi, wino na mishahara, vyote vinatakiwa kabla hujauza hata nakala moja. Mwaka huohuo Fust akamshtaki akidai pesa zake na riba, akashinda.

Kilichouzika haraka kilikuwa kitu kidogo. Tangu 1454 pale Mainz zilichapwa hati za rehema, karatasi moja tu, ambazo Kanisa liliziuza kuchangisha pesa za kuilinda Cyprus dhidi ya Waturuki. Jina la mnunuzi na tarehe viliachiwa nafasi wazi zijazwe kwa mkono. Yaani fomu! Mteja mkubwa wa teknolojia hii mpya alikuwa Kanisa lenyewe.

Miaka 60 baadaye, Mainz hiyohiyo, Albrecht akawa askofu mkuu mwaka 1514 akiwa na umri wa miaka 24. Cheo hicho kilimgharimu mno, akakopa kwa matajiri wa benki wa Augsburg, akina Fugger. Basi rehema zikauzwa tena: nusu ya mapato yalipe deni la Fugger, nusu yajenge kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Mwananchi aliyelipa ili mzazi wake atoke toharani hakuambiwa habari za deni.

Martin Luther alipozipinga rehema hizo mwaka 1517, hoja zake 95 zilikuwa za Kilatini, lugha ya wasomi. Moto uliwaka 1518 alipoandika mahubiri mafupi kwa Kijerumani, kurasa 8 hivi. Hapo wachapaji wakaona riziki. Kijitabu cha namna hiyo kinamalizika kwa siku chache, karatasi ni kidogo, pesa zinarudi upesi, na hakuna wa kukuzuia kunakili cha mwenzako. Kufikia 1520 kilikuwa kimechapwa zaidi ya mara 20 katika miji mbalimbali. Wengi hawakujua kusoma, lakini aliyejua aliwasomea wenzake kwa sauti.

Si kwamba wachapaji wote walikuwa wameokoka, jamani. Leipzig ilikuwa mji mkubwa wa uchapaji, lakini mtawala wake, Duke Georg, alipiga marufuku maandishi ya Luther. Mwaka 1524 wachapaji wakalilalamikia baraza la mji: vile vitabu wanavyoruhusiwa kuchapa vimejaa tele na hakuna anayevitaka hata bure, ilhali vya Luther, ambavyo watu wanavitafuta, hawaruhusiwi kuviuza. Wakati huo Wittenberg, kamji kadogo alikokaa Luther, kalikuwa kananeemeka.

Mwaka 1525 wakulima wa kusini nao wakachapisha madai yao 12: wajichagulie mchungaji, wasiwe mali ya bwana, waruhusiwe kuvua samaki na kukata kuni. Yakaenea nchi nzima kwa miezi michache. Luther akawageuka, akaandika kijitabu kikali akiwahimiza watawala wawaue waasi bila huruma, na maelfu kwa maelfu wakauawa.

Kijitabu hicho nacho kilipata wachapaji, kikauzwa kama vingine.