Arubuni na Tunzo

Msomaji mwenzangu, ukienda leo kumkodi mpiga muziki wa harusi, Dar es Salaam au Unguja, mtavutana bei, utatoa arubuni, basi, mmeachana. Mtu anaweza kudhani shughuli zetu ziliuzwa hivyo siku zote. Hata! Ilikuwapo bei ya pili, na hiyo ndiyo iliyosema kazi ina thamani gani.

Chukua taarabu. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Huyo alikuwa mtu wa jumba la mfalme, bei ya nini tena? Mwaka 1905 wakaanza Akhwan Safaa, nao ni chama, watu na ala zao. Lakini Siti binti Saad alitoka shamba, Fumba, katika nyumba ya wafinyanzi, akatembeza vyungu kabla ya kutembeza sauti. Hapo mimi husimama kidogo. Chungu mnunuzi hukigonga kwa kidole asikie kama kina ufa. Sauti utaigonga na nini? Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay wakaimba kwenye sahani za santuri, ikawa mtu aweza kumsikia kabla hajamwita. Nadhani hakuna tangazo lingeishinda santuri ile.

Na penye shughuli yenyewe kuna kutunza. Mama anainuka na noti yake mkononi, anacheza taratibu mpaka mbele, kila mtu amwone, anamtunza mwimbaji katika ubeti ule ule anaotaka jirani yake ausikie. Arubuni imeshalipa fidla na nauli. Tunzo inalipa neno. Kwingine fedha hizo huingia mfuko wa kikundi, kwingine mwimbaji hubaki nazo, na ugomvi wake si mdogo.

Sasa, je, wale wasioimba? Hapa ndipo wazee wa pwani walipotuzidi akili. Palikuwa na kiosha miguu, ada ya kumwosha bwana harusi miguu. Palikuwa na kifungua mlango, maana mlango wa bibi harusi haufunguki bure. Kazi ndogo, lakini ina jina, na jina lina bei. Nani angethubutu kusema, "Si maji tu hayo?"

Mimi tangu nimalize kidato cha nne nafunga mapambo ya kumbi, riwaya yangu naiandika usiku. Kamati ya harusi ikipungukiwa michango, wa kwanza kukatwa ni sisi: "Vitambaa tu hivyo, kijana." Mpiga kinanda hawamwambii mbao tu hizo! Kazi yake inaonwa na macho ya watu. Yetu imekwisha saa kumi alasiri, wageni wanaingia saa mbili usiku, wanakuta ukumbi umependeza kama vile ulizaliwa hivyo. Tunzo hatuna, na ada yenye jina hatuna.

Siku hizi kaka ninayefanya naye kazi huandika kila kitu mbalimbali kwenye karatasi: kufunga dari, kupamba meza kuu, kufungua usiku. Mwenyekiti wa kamati moja aliisoma, akajikuna kichwa, akauliza kufungua usiku ndiyo nini. Tukamweleza: saa nane za usiku, juu ya ngazi, wenyewe mmelala. Safari hiyo wakapunguza keki.