Januari ya Wazee wa Ifakara

Mvua za kwanza zikinyesha, kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba, mji wa Ifakara huanza kupungua watu. Baiskeli na pikipiki zinatoka zimebeba magodoro, sufuria, majembe na kuku waliofungwa miguu, zikielekea mashamba ya mpunga yaliyo mbali kwenye mbuga ya Mto Kilombero. Wenye nguvu wanahamia huko hadi mavuno, na wanarudi mara mojamoja kuchukua chumvi na mafuta ya kula. Nyumbani anabaki bibi au babu, mara nyingi na wajukuu wanaosoma. Ni wakati wa joto pia. Bonde limelala chini kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, na joto lake lina unyevu unaozuia jasho kukauka mwilini. Tena ndiyo miezi ambayo ghala linakuwa jepesi: mpunga uliouzwa Julai kwa bei ya chini, Januari unanunuliwa ukiwa mchele kwa bei ya juu, na mara nyingi mnunuzi ni yuleyule aliyeuuza.

Tunapozungumzia uzee, tumezoea kutenga usalama, afya na fedha, kila jambo na wizara yake. Bondeni yote matatu yanamkuta mzee ndani ya nyumba moja, mwezi mmoja. Kwa hiyo nikitaka kuupima utaratibu wowote wa kutunza wazee, wa kwetu au wa ugenini, nauliza: unamfanyia nini mzee katika mwezi ambao nyumba imebaki tupu?

Agosti 2003 Ufaransa ilionesha kinachotokea fedha ikiwepo na mtu asiwepo. Wazee wa nchi ile hulipwa pensheni kila mwezi, hospitali zipo, maji ya bomba yapo ndani. Hata hivyo joto la nusu ya kwanza ya mwezi ule liliua karibu watu 15,000, wengi wao wazee. Jijini Paris wengi wa waliofia majumbani walikuwa wakiishi peke yao, baadhi yao katika vyumba vya ghorofa ya juu kabisa, chini ya mapaa ya zinki. Agosti ni mwezi wa likizo: watoto walikuwa pwani, majirani walikuwa pwani, na madaktari wengi walikuwa wamesafiri. Tarehe 3 Septemba miili 57 ambayo hakuna ndugu aliyejitokeza kuichukua ilizikwa kwenye makaburi ya Thiais, nje ya Paris, Rais Jacques Chirac akihudhuria.

Mtu wa kwetu akisikia habari hii husema Wazungu hawajui kutunza wazazi. Sikubali. Familia ya Paris iliondoka kwa kufuata kalenda ya likizo, na familia ya Ifakara inaondoka kwa kufuata kalenda ya mpunga. Tofauti ni kwamba Wafaransa, baada ya msiba ule, waliliingiza jambo hili katika sheria. Tangu 2004 meya anatakiwa kuwa na daftari la wazee wanaoishi peke yao walioomba kuandikishwa, ili joto kali likitangazwa wapigiwe simu au watembelewe. Wafanyakazi nao waliwekewa siku moja ya kazi bila malipo kila mwaka, fedha yake iende kwenye huduma za wazee na watu wenye ulemavu. Sisi tunategemea kwamba jirani atapita. Na kweli jirani hupita, ila Januari naye yuko shamba.

Zamani mzee hakuachwa nyuma namna hii, kwa sababu shambani alikuwa na kazi yake. Mpunga ukianza kutoa masuke, mchana huja ndege kwa makundi na usiku huja nguruwe pori. Basi hujengwa dungu: nguzo ndefu, sakafu ya fito, paa la nyasi, ngazi ya mti. Kutoka juu kamba hutandazwa hadi kwenye makopo yaliyotundikwa katikati ya mpunga, na aliyekaa pale akivuta kamba moja, kona nzima ya shamba inalia. Kuamia ndege kunataka macho na subira kuliko misuli, na mzee aliyeifanya kazi hiyo alikula chakula cha msimu akijua amekitolea jasho. Hewa inapita kati ya fito, watu wako chini, chungu kiko motoni. Kwa habari ya joto na upweke, alikuwa salama kuliko mwanawe anayemwacha leo chini ya bati lisilo na dari.

Lakini dungu lina mambo yake. Limefunguka pande zote, mbu wanaingia watakavyo, na malaria ndiyo iliyoufanya mji huu ujulikane duniani: maabara ndogo ya Waswisi iliyoanza hapa 1957 ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, na mojawapo ya majaribio makubwa ya kusambaza vyandarua vyenye dawa Tanzania lilifanyika katika bonde hili kuanzia 1997. Mzee mwenye presha au kisukari akizidiwa shambani wakati wa mafuriko, njia ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko inaweza kuwa mtumbwi. Tena maisha ya zamani hayapo: Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa miaka ya 1970, iliwavuta watu hadi kwenye vijiji vya kando ya barabara huku mashamba yakibaki mbali, ndipo familia nyingi zikazoea kugawanyika kila msimu. Kumrudisha mzee dunguni si jibu. La kurithi kutoka dunguni ni kwamba mzee alikuwa na kazi yake, hivyo chakula chake kilihesabiwa kabla msimu haujaanza.

Mstaafu wa serikali ana utaratibu mwingine. Tumebishana sana juu ya kikokotoo, yaani kanuni ya kugawa mafao kati ya mkupuo wa wakati wa kustaafu na malipo ya kila mwezi. Desemba 2018 Rais Magufuli alisimamisha kanuni mpya baada ya malalamiko, mwaka 2022 mkupuo ukawekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 hapo awali. Naelewa uchungu wa mwalimu aliyefundisha maisha yake yote. Ila naona tumeusemea mkupuo kwa sauti kubwa mno na malipo ya kila mwezi kwa sauti ndogo. Mkupuo unajulikana mtaa mzima siku unapoingia. Unafuata ushauri wa kukodi ekari nyingi na kulima kwa simu, kisha mafuriko kama ya masika ya 2024 yanapita juu ya yote. Zinafuata simu za matapeli wanaojifanya maofisa wa mfuko wa pensheni. Fedha ikiisha, anafuata mkopeshaji wa kausha damu, mikopo ya riba kubwa, anayeshika kadi ya benki kuwa dhamana, na kuanzia hapo pensheni ya mwezi inamlisha mkopeshaji. Mstaafu asikubali kamwe kutoa kadi na namba yake ya siri, hata kwa ndugu mwenye shida ya kweli.

Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni huweka akiba kwenye ng'ombe: mzee akiugua, anauzwa mmoja. Ni akiba isiyofuata bei ya mpunga, lakini serikali ilipoondoa mifugo bondeni mwaka 2012, wengi waliona akiba ya miaka ikipungua ndani ya wiki chache.

Kwangu mimi, karibu zaidi na haki ni Zanzibar. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi imekuwa ikilipa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa karani au mvuvi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikaongezwa. Kenya inawalipa wa miaka 70 na kuendelea kupitia Inua Jamii, Uganda inawalipa wa miaka 80. Tanzania Bara ina Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini, na tangu 2003 ina Sera ya Taifa ya Wazee, lakini mkulima wa Mang'ula, hukuhuku bondeni, aliyeilisha nchi mchele hana malipo yanayomjia kwa sababu tu amezeeka. Fedha ndogo inayokuja kila mwezi ingemfikia Januari, mwezi ambao mkupuo na mavuno vyote vimekwisha.

Hata hivyo fedha haichoti maji. Mwili wa mzee husikia kiu kwa kuchelewa na hutoa jasho kidogo, na baadhi ya vidonge vya presha humkojoza zaidi. Dalili za kwanza za kuishiwa maji mwilini ni kizunguzungu, ulegevu na maneno yasiyoshikana, ambayo mjukuu wa darasa la nne anaweza kudhani ni uzee tu. Watu wazima nao husema ni malaria, wakanunua dawa dukani. Apimwe malaria, ndiyo, lakini aulizwe pia amekunywa maji mara ngapi tangu asubuhi. Anywe kidogo kidogo bila kusubiri kiu, isipokuwa kama daktari amempimia maji kwa sababu ya moyo au figo. Adhuhuri akae chini ya mwembe, si chini ya bati. Dawa asiache bila kumuuliza daktari. Akianza kuchanganyikiwa na mwili unawaka, alowanishwe maji, apepewe na apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Halmashauri ya Mji wa Ifakara haihitaji mkopo wa nje ili kila mwenyekiti wa mtaa awe na daftari la wazee wanaobaki peke yao, likiandikwa Oktoba kabla ya watu kuhama. Na wewe unayefunga godoro kwenye baiskeli, mwachie mama magunia yake ya mpunga ambayo hayatauzwa Julai wala kukopewa, mwachie simu yenye chaji, na umtaje kwa jina mtu mzima mmoja atakayefungua mlango wake kila asubuhi hadi utakaporudi.