Reli Ilipoishia

Nifikiripo juu ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, mawazo yangu huenda kwenye vyuma kabla ya kwenda kwa majemadari. Barabara za kupitisha majeshi hazikuwapo, na ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo. Aliyeshika reli ndiye aliyeshika vita.

Wajerumani walikuwa na reli ya Tanga hadi Moshi, na Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Hii ya pili ilibeba vipande vya meli Graf von Götzen, iliyoundwa Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Manowari Königsberg ilipoangamia Rufiji mwaka huo huo, mizinga yake 10 iliopolewa; mmoja ukapakiwa kwenye garimoshi hadi Kigoma, ukafungwa juu ya meli ile.

Waingereza nao walitegemea reli ya Mombasa, ambayo askari wa Kijerumani waliivizia kwa baruti. Mwaka 1915 wakaanza kutandika tawi kutoka Voi kuelekea mpakani. Mwaka 1916 likapita Taveta, likaungana na reli ya adui huko Kahe. Muungano huo ulikuwa rahisi, maana reli zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja.

Lakini kila reli ina mwisho wake, na hapo ndipo kilipoanza kichwa cha mpagazi. Tupige hesabu kidogo, ndugu msomaji. Mtu abebe kilo 25 za unga, ale kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, amekula kilo 20. Kwa askari zinabaki kilo tano. Ndiyo maana walihitajika watu wengi mno. Upande wa Waingereza peke yake, waliokufa, wengi kwa maradhi, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Meli ile Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Ikaopolewa mwaka 1924, ikapewa jina jipya la Liemba. Chuma kilitafutwa hata chini ya maji. Wapagazi wengi hawakuandikiwa hata kaburi. Wameachiwa neno moja, Kariakoo, lililotokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Kila siku maelfu hulitamka wakienda sokoni, na mizigo bado inabebwa pale kichwani.