Picha za katikati: kazi ya zamani inayowasumbua wanaoanza katuni za kompyuta

Anayeanza kujifunza katuni kwenye kompyuta hukwama karibu kila mara mahali pamoja. Anachora mpira upande wa kushoto, anauchora tena upande wa kulia, kisha anaiomba programu ijaze safari iliyo kati yake. Mpira hauendi. Unakaa kushoto, halafu ghafla unaruka kulia, na kwenye mstari wa muda mshale unatokea umekatika vipande vipande. Wengi hudhani mashine imeharibika, au kwamba wao hawana akili ya kazi hii. Sivyo. Tatizo hilo lina historia yake, na anayeijua hulitatua upesi.

Katuni ni picha zisizotembea zinazopita haraka mbele ya macho. Katika sinema, sekunde 1 hula picha 24. Mfaransa Émile Cohl alipotengeneza filamu yake Fantasmagorie mwaka wa 1908, alichora picha karibu 700, na filamu yenyewe haifikishi dakika 2.

Ili kupunguza mzigo huo, studio za Marekani ziligawanya kazi. Fundi mkuu alichora picha za msingi tu: mkono unapoanza kuinuka, na mkono ukiisha kufika juu. Wasaidizi wake walichora zote za katikati. Kazi hiyo ya kujaza katikati ndiyo iliyozaa neno ambalo programu za leo huliita twini. Ilikuwa kazi ya kuchosha na yenye malipo madogo. Mwaka wa 1941 wafanyakazi wa studio ya Walt Disney waligoma, na mishahara duni ya wasaidizi ilikuwa moja ya sababu.

Baadaye kompyuta ikaingia mahali pa msaidizi. Nchini Kanada, watafiti Nestor Burtnyk na Marceli Wein walitengeneza programu iliyopokea mchoro wa kwanza na wa mwisho, kisha ikahesabu yenyewe michoro ya katikati. Msanii Peter Foldes aliitumia kutengeneza filamu La Faim, yaani Njaa, iliyotoka mwaka wa 1974. Inaonyesha mtu anayekula bila kushiba, mpaka mwishowe wenye njaa wanamla yeye. Filamu hiyo ilipata tuzo Cannes. Hata hivyo mashine ilikuwa na upungufu mmoja: iliunganisha mstari na mstari, bila kujua kwamba huu ni uso na kile ni kiti.

Wazo la pili lilikuwa limezaliwa kwingine. Mwaka wa 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake Sketchpad, iliyochora kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Ndani yake mtu aliweza kuchora mchoro mama mmoja, kisha kuweka nakala zake mahali pengi. Mama akibadilishwa, nakala zote zinabadilika pamoja naye. Mchoro mama wa namna hiyo ndio unaoitwa leo simboli.

Mawazo hayo mawili yalikutana katika programu ya Jonathan Gay na wenzake, FutureSplash Animator, iliyotoka mwaka wa 1996. Kampuni ya Macromedia iliinunua na kuiita Flash. Intaneti ya siku zile ilikuwa ya polepole sana. Simboli huhifadhiwa mara moja tu hata ikionekana mara mia, kwa hiyo katuni ilikuwa nyepesi kutuma. Mtu anayehesabu megabaiti zake leo ataelewa faida hiyo bila kuelezwa.

Hapo ndipo wanaoanza hujikwaa. Twini ya zamani husogeza simboli. Inataka simboli ikae peke yake kwenye tabaka lake, na simboli ileile iwe katika picha ya kwanza na ya mwisho. Twini ya umbo ni kinyume chake: hugeuza mchoro mbichi, kwa mfano duara kuwa mraba, na huikataa simboli mpaka ivunjwe kwanza. Anayesahau kutengeneza simboli huikuta programu imemtengenezea zake, Tween 1 na Tween 2. Akirekebisha moja, nyingine haibadiliki, kwa sababu ni mama wawili tofauti. Mwaka wa 2008 ikaongezwa twini ya tatu, ya mwendo, ndiyo maana masomo yaliyoandikwa kabla ya hapo hayalingani na yanayoonekana kwenye kioo.

Flash yenyewe ilibadilishwa jina mwaka wa 2016 na kuitwa Animate, nayo hulipiwa. Lakini ipo Synfig, iliyoachiwa watu wote bure mwaka wa 2005, ambayo nayo hujaza picha za katikati. Ikiisha kuwekwa kwenye kompyuta, haihitaji intaneti.

Congo nayo ina nafasi katika historia hii. Mwaka wa 1988 Jean-Michel Kibushi alianzisha studio Malembe Maa. Malembe, kwa Kilingala, ni polepole. Baada ya uporaji wa Septemba 1991 mjini Kinshasa, alitengeneza filamu Kinshasa, septembre noir kutokana na michoro ya watoto waliouona uporaji huo. Hakuna programu ambayo ingeweza kuwachorea watoto wale walichokiona.

Mtoto aliyehama na familia yake, mwenye karatasi na kalamu tu, anaweza kuanza hapo hapo: achore mambo yalivyokuwa mwanzo, kisha achore yalivyokuwa mwisho. Siku kompyuta itakapopatikana, hizo ndizo picha mbili itakazomwomba.