Lugha Iliyosalia Chapani

Mwaka 1663 ilipigwa chapa huko Cambridge, Massachusetts, Biblia ya kwanza kamili katika Amerika ya Kaskazini, nayo haikuwa ya Kiingereza bali ya lugha ya Wawampanoag, wenyeji wa huko, na jirani zao, iliyofasiriwa na mhubiri John Eliot kwa msaada wa wenyeji, akiwamo James Printer, aliyesaidia kupanga herufi zake kwa mkono. Baadaye lugha ile ilinyamaza vinywani kwa zaidi ya karne, hata Jessie Little Doe Baird, Mwampanoag aliyekuwa tayari mama wa watoto, akaanza kuidurusu katika Biblia ileile na katika hati kuukuu za ardhi, akahitimu shahada ya isimu mwaka 2000. Kitabu kilichokusudiwa kuwageuza dini Wawampanoag, ajabu iliyoje, ndicho kilichowawekea amana ya lugha yao. Binti yake Baird alilelewa akiisema tangu utotoni.