Nia Isiyoandikwa: Majaribio ya Kujiua katika Madaftari ya Hospitali, kutoka Magindu hadi Tumbi

Ufuatiliaji wa majaribio ya kujiua, yaani kuhesabu kwa kipimo kilekile, mwaka hadi mwaka, watu wanaofikishwa hospitalini wakiwa hai baada ya kujidhuru kwa makusudi, ni kazi changa nchini Tanzania. Mkazi wa Magindu, kata ya Wilaya ya Kibaha mkoani Pwani, anaponusurika katika jaribio la namna hiyo, jina lake huweza kuingia katika daftari la zahanati, la kituo cha afya, na hatimaye la Hospitali ya Tumbi, iliyokua pamoja na Shirika la Elimu Kibaha, tunda la ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nodiki katika miaka ya 1960. Jina huandikwa, ila nia yake mara nyingi haiandikwi.

Chanzo cha ukimya huo ni sheria kuliko tiba. Mwaka 1920 Waingereza waliileta Tanganyika Kanuni ya Adhabu ya India, ambamo kujaribu kujiua kulikuwa kosa. Mwaka 1930 kanuni mpya ya Tanganyika ikalirithi kosa hilo, ambalo hadi leo limo katika kifungu cha 217. Uingereza yenyewe ililifuta mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru, lakini Tanganyika huru ikabaki nalo. Ndugu anayejua kwamba ukweli unaweza kumpeleka mgonjwa wake mahakamani ana kila sababu ya kusema kwamba dawa ilinywewa kwa bahati mbaya, na tabibu mwenye huruma huandika tu kwamba mgonjwa amekula sumu. Huo si uzembe wa kulaumiwa. Ni namna ya kumkinga mtu.

MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya ulioenea nchini katika miaka ya 1990, uliweka utaratibu katika madaftari hayo, lakini safu zake zilitengenezwa kwa ajili ya magonjwa na majeraha, si nia. Maarifa yakatoka kwa watafiti wachache: mwaka 1997 Ndosi na Waziri walichapisha uchunguzi wao kuhusu wagonjwa wa Dar es Salaam walionusurika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ufuatiliaji hospitalini mwaka 2016, kwa hoja yenye uzito: aliyewahi kujaribu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kujiua baadaye, hivyo kitanda cha dharura ndipo mahali pa kumwahi.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha nchi hiyo kinachofanana na cha 217 kinakiuka Katiba. Bunge la Tanzania nalo halina budi kukifuta cha kwake, ili muuguzi aweze kuuliza na mgonjwa aweze kujibu.